Wakala, kazi hii nani anailipa?

Maswali yaliyonifikia safari hii yamefanana, utadhani walioyaandika wametoka baraza moja. Ni mawakala wa bima wa Unguja na Pemba, pamoja na mteja mmoja mwenye hasira, na wote wanazungumzia kazi isiyo na kamisheni: kumjazia mtu fomu ya bima ambayo wakala haiuzi, kumfuatilia makaratasi, kumweleza mara tatu jambo ambalo mwishowe atakwenda kulinunua kwengine. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Chake Chake: *Nauza bima za vyombo vya moto. Tangu uanze Mfuko wa Huduma za Afya, watu wananijia kwa kuwa wananijua ni mtu wa bima. Leo mwalimu wa skuli, kesho mkunga, keshokutwa mama anayetaka kujua kama mwanawe kaingizwa kwa baba yake. Asubuhi inakwisha sijauza hata stika moja. Niwatoze au niwafukuze?*

Usiwafukuze, na usiwatoze kwa kuwasajili. Najua hilo la pili limekuudhi, basi nisikilize.

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ZHSF, uliundwa kwa sheria namba 1 ya 2023 na ulianza na watumishi wa umma. Ni mfuko wa serikali. Mkataba wako wewe ni na kampuni ya bima, na leseni uliyopewa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ni ya kuuza bima za kampuni hiyo. Huna wa kumdai kamisheni: na Mfuko huna mkataba, na kampuni yako haijauza kitu. Anabaki mwalimu. Ukimtoza elfu tano leo, atakwenda skuli kuwaambia wenzake kuwa usajili wa serikali ni elfu tano kwa fulani, na hatokuwa amesema uongo. Chake ni mji mdogo. Haitochukua muda watu wa Mfuko watataka kujua wewe ni nani.

Unachoweza kutoza ni kile kinachotozwa na duka lolote la fotokopi: kutoa nakala, kuskani, kuchapa. Bandika bei ukutani, isizidi ya jirani, na iwe ya karatasi tu.

Lakini angalia vizuri kinachokula asubuhi yako. Sidhani kama ni usajili wenyewe. Ni majina yasiyolingana. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinasema Mwanakhamis, cheti cha mtoto kinasema Mwanahamisi. Baba ana majina matatu, kazini wanamjua kwa mawili. Hilo hulimalizi wewe hata ukeshe. Ni kazi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na ukianza kumwandikia mtu barua za kurekebishiwa jina umeshahama fani. Kwa hivyo kabla mtu hajakaa kitako mwambie alete vitambulisho na vyeti vyote vya nyumba yake, na avisome herufi kwa herufi. Visipofanana, aende akarekebishe kwanza, ndipo arudi. Andika maneno hayo kwenye karatasi moja, piga picha, itume kwenye kundi la WhatsApp la skuli. Nusu ya foleni yako itaishia hapo.

Kwa hiyo nusu iliyobaki, weka siku na saa. Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne asubuhi, basi. Nje ya hapo wewe ni muuza stika. Namba ya simu inayoandikwa iwe ya mhusika, hata kama simu yake ni ya tochi. Wapo mawakala wanaoweka namba zao ili kazi iende haraka. Ujumbe wa uthibitisho wa watu ishirini unaingia simu moja, na mwenye simu akipoteza laini, watu ishirini wamebaki nje. Neno la siri achague mwenyewe na wewe ugeuze uso. Picha za vitambulisho zifute kwenye simu yako siku hiyo hiyo, maana sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 haimtazami kwa huruma anayetembea na vyeti vya watu mfukoni. Kisha msomee yote uliyojaza, polepole, na kitufe cha mwisho akibonyeze yeye. Kazi ya bure haikuondolei dhamana ya ulichoandika.

Jambo jengine ni rai yangu tu, wala si kanuni: usimuuzie bima ya Vespa siku hiyo hiyo. Mtu aliyekuja kuomba msaada akatoka na stika atahisi amelipishwa kwa mlango wa uani. Mpe namba yako. Bima ya Vespa yake ina tarehe ya kumalizika kama za watu wote.

Wete: *Ami yangu ana gari mbili za abiria. Kila mwaka mimi ndiye ninayehangaika na bima zake, na kila mwaka ananiambia "nilipie wewe mwanangu, tutatazamana". Mwaka huu hatujatazamana bado. Naona muhali kumwambia.*

Muhali umewafilisi mawakala wengi kuliko ushindani.

Kule kuhangaikia makaratasi ya ami yako usikulalamikie. Kamisheni yake unaipata, na visiwani humu ukoo ndio soko la mwanzo la kila wakala. Ubaya ni kuwa umegeuka benki. Tuchukue mfano: ada ya bima ya gari zote mbili iwe 600,000 na kamisheni yako asilimia 10. Unapata 60,000, na humo bado kuna kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa. Umemkopesha mtu laki sita, bila ya tarehe ya kurejesha, ili uvune sitini. Hata huyo mwenye duka la mtaani anayeandika madeni kwenye boksi la sigara hakubali biashara hiyo.

Sheria ya Bima ya 2009, ambayo inatumika Bara na Zanzibar, msimamo wake ni kuwa bila ya ada hakuna bima. Jifiche nyuma ya sheria, ndiyo kazi yake. Wiki mbili kabla ya tarehe mtumie ami namba ya malipo iliyotoka kwa kampuni, na umwambie: "Ami, siku hizi pesa inaingia kampuni moja kwa moja, stika haitoki mpaka iingie." Hapo hujamvunjia heshima. Akisema zote mbili hana, ilipiwe moja na ya pili ilale nyumbani mpaka apate. Deni la mwaka huu mtume mtu mzima mwenzake, baba yako au shangazi yako, wala usilidai kwa ujumbe wa simu.

Na usijaribu njia ya mkato ya kuchukua pesa ya mteja wa leo kuzibia ada ya ami wa jana. Wizi mwingi wa mawakala huanzia hapo, na anayeuanza anakuwa hata hajakusudia kuiba.

Mwanakwerekwe: *Nilimweleza mteja bima kubwa, inayofidia hata gari yake mwenyewe, na bima ya mtu wa tatu, inayofidia aliyegongwa tu, kwa saa nzima, nikamfanyia na hesabu. Akashukuru, akaenda kununua kaunta ya benki. Saa yangu nimdai nani?*

Humdai mtu. Benki zina ruhusa ya kuuza bima, na mteja ana ruhusa ya kutembea. Hiyo ni gharama ya kuwa na biashara, sawa na kodi ya fremu. Ila saa nzima ni nyingi. Mwenye gari ya kawaida anahitaji dakika kumi na tano. Na hesabu iliyoandikwa vizuri kwenye karatasi yenye jina la kampuni usimpe mpaka akupe nakala ya kadi ya gari. Anayekupa kadi amekusudia kununua.

Micheweni: *Mteja wangu wa bima kubwa alipata ajali Konde. Nimekwenda polisi naye, nimekwenda gereji, nimejaza fomu ya madai. Sasa kampuni inataka nivuke na boti kupeleka makaratasi Unguja, kwa nauli yangu. Kamisheni nilishakula miezi saba nyuma. Hii nayo si kazi ya bure?*

Nusu si ya bure, na nusu ni ya bure kweli. Wengi mnazichanganya.

Kamisheni uliyoila miezi saba nyuma haikuwa ya kuandika stika. Kuandika stika ni dakika tano. Ililipwa kwa mwaka mzima, na ndani yake imo siku hii ya ajali. Kumpokelea simu, kumtuliza, kumwambia asitengeneze gari kabla haijakaguliwa na asimuahidi mtu fidia barabarani, kuhakikisha taarifa imefika kampuni mapema na fomu imejazwa ukweli: yote hayo mteja ameshayalipia. Ndiyo maana huwa sina subira na wakala anayezima simu siku mteja wake anapogonga. Siku ya kuuza alikuwa akipiga yeye, mara nne kwa siku.

Kituo cha polisi ni habari nyengine. Ripoti ni ya mwenye gari na dereva wake. Ni wao wanaopaswa kuifuata. Kwenda nao mara moja ni ihsani, na ihsani ina malipo yake kwa Mungu, lakini usiwazoeshe kwamba wewe ndiye karani wao wa polisi. Gereji hivyo hivyo: mwenye gari ndiye anayeleta makadirio ya matengenezo, na kampuni ndiyo inayomtuma na kumlipa mkaguzi wake wa hasara. Ukiingia baina ya fundi na mkaguzi kupatanisha bei, utalaumiwa na wote wawili, na mteja ataamini umekula.

Sasa hiyo boti. Hapo kampuni inakutumia kama tarishi, na tarishi analipwa. Kabla hujakata tiketi, waandikie, si kupiga simu, waandikie: "Makaratasi haya nimeyaskani na kuyatuma leo. Mnahitaji asili ya waraka gani, na nauli ya kuileta inarejeshwa na nani?" Mara nyingi jibu litakuwa kwamba skani inatosha kwa kuanzia. Kama wanataka asili, bahasha inaweza kusafiri na boti bila ya wewe kusafiri nayo. Pemba nzima inatuma mizigo hivyo. Wakishikilia uende mwenyewe, omba marejesho kwa maandishi kabla ya safari, maana ukienda kwanza na kuomba baadaye umeshawapa zawadi.

Kitu kimoja ndicho usimuachie mwengine yeyote: namba ya kumbukumbu ya dai. Ipate, mpe mteja, na muandikie tarehe ilipopokelewa. Kampuni ikikaa kimya au ikikataa bila ya sababu ya kueleweka, mteja ana haki ya kupeleka lalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye yupo kwa ajili ya ugomvi wa namna hiyo. Kumwambia mteja hivyo ni kazi yako, hata kama meneja wako atanuna.

Paje: *Nina ofisi ndogo ya utalii na leseni ya uwakala wa bima. Wageni wananiandikia usiku wa manane niwasaidie bima ya kuingilia Zanzibar. Sipati hata senti. Mwenzangu anawatoza dola 60 na kubakisha tofauti.*

Mwenzako anajichimbia shimo mwenyewe. Bima hiyo imekuwa ya lazima kwa wageni kutoka nje tangu tarehe 1 Oktoba 2024, inatolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, bei yake kwa mtu mzima ni dola 44, na muda wake ni siku 92. Bei hiyo imetangazwa dunia nzima. Mgeni atashuka uwanja wa ndege, atamsikia mwenzake kwenye foleni akisema 44, na kuanzia hapo kila bei atakayoambiwa Paje ataigawa kwa mbili kabla hajajibu.

Wewe andika jibu moja zuri, kwa Kiingereza na Kiitaliano kama unakiweza: kiungo cha tovuti rasmi, bei, vitu anavyohitaji mkononi, na kwamba hata mwenye bima ya safari ya kwao bado atatakiwa kuwa na hii. Lihifadhi kwenye simu, litume, lala. Kazi hii ilikuwa ikikuchukua nusu saa kwa sababu kila usiku ulikuwa ukiiandika upya. Tovuti za ulaghai zipo, kwa hivyo kiungo sahihi peke yake ni msaada mkubwa.

Anayetaka umfanyie kila kitu, mwambie unatoza kwa kupanga safari, weka mstari wake kwenye ankara yako pembeni ya boti na gari, na mjulishe kuwa bima angeweza kuikata mwenyewe kwa bei ile ile. Akikubali baada ya kujua, hela hiyo ni halali yako. Ila usitumie kadi yako ya benki kuwalipia, wala usikubali kusomewa namba ya pasipoti kwa sauti ya WhatsApp. Tarakimu moja ikikosewa, atakayesimama kaunta ya uhamiaji akikutaja jina ni yeye.

Nungwi: *Mwenye hoteli amenipa bima ya jengo na ya magari. Sasa ananitaka nimsajilie wafanyakazi wake wote kwenye mfuko wa afya na kwenye ZSSF, "kwa kuwa sisi ni watu wamoja". Nikikataa naogopa atahamisha zile bima.*

Anaweza kuzihamisha kweli, sikudanganyi. Lakini sikiliza anachokuomba. Kuwasajili wafanyakazi kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, hiyo ZSSF, na wa afya, kuwakata michango na kuipeleka kwa wakati ni wajibu wa mwajiri. Ukiufanya wewe, siku mchango wa mtu usipoonekana hamtomtafuta mwenye hoteli, mtatafutana wewe na mfanyakazi. Na wafanyakazi wa hoteli wanaingia na kutoka kila msimu. Usajili wa leo hauishi leo.

Mpe kitu kinachofanana na thamani ya bima zake na kisichozidi hapo. Siku moja, uje hotelini, ukae na mtu wake wa utumishi, umwoneshe fomu na makaratasi yanayotakiwa, msajili wafanyakazi watatu wa mwanzo pamoja, kisha aendelee yeye. Sema hivyo mwanzo, kwa uso mkunjufu, na umwandikie ujumbe baada yake ili pasitokee "tulikubaliana". Kama anataka zaidi, huo ni mkataba mwengine wa huduma za ofisi, wenye bei yake, na hauhusiani na kamisheni ya jengo.

Rai yangu: tajiri anayehama kwa hili, angehama mwakani kwa jengine.

Jang'ombe: *Mimi si wakala, ni mteja. Wakala wangu ananitoza elfu kumi "ya fomu" juu ya bima ya pikipiki kila mwaka. Nikiuliza ananiambia ni ya mtandao. Ni halali?*

Bei ya bima yako imeandikwa kwenye waraka wa bima wenyewe, pamoja na kodi yake. Kisichoandikwa pale hukidaiwi na kampuni. Mwambie akupe risiti ya hiyo elfu kumi yenye jina la kampuni. Asipokuwa nayo, umepata jibu.

Mwaka huu omba namba ya malipo, lipa mwenyewe kwa simu, kisha hakiki bima yako kwenye mfumo wa TIRA kwa kutumia namba ya usajili ya pikipiki. Ikionekana humo, iko. Isipoonekana, stika uliyonayo ni pambo. Akikataa kukupa namba ya malipo na kung'ang'ania pesa mkononi, nenda ofisi ya TIRA Zanzibar. Na nyinyi mawakala mnaosoma hapa: mnalalamika kuwa mnafanya kazi za bure, na wapo wenzenu wanaojilipa hivi, kimyakimya, kutoka kwa dereva wa bodaboda. Kama unaona kazi yako ina bei, itaje kwa sauti. Ukiona haya kuitaja, ujue hiyo bei si halali yako.

Msomaji mwenye ndugu Columbus, Ohio: *Dada yangu ni wakala wa bima za afya Marekani. Nikamwambia ninavyoandikisha watu bure akacheka, akasema na yeye ndiyo maisha yake. Kule si kila kitu kinalipwa?*

Hakilipwi. Sheria yao kubwa ya bima ya afya ilipita 2010, na soko la kujiandikishia kwa mtandao likafunguliwa Oktoba 2013. Mtu akimtumia wakala au asimtumie, ada yake ni ile ile. Wakala analipwa na kampuni. Lakini kabla ya kuchagua bima, mfumo unauliza kipato. Kikiwa kidogo, mwombaji anaelekezwa kwenye Medicaid, mpango wa serikali kwa wenye kipato kidogo, na huko kwa kawaida wakala hana kamisheni. Dada yako anaweza kukaa na familia jioni nzima, kukusanya hati zao za mishahara, kujaza kila kitu, na mwisho wa fomu akaona kuwa wanastahiki Medicaid. Wao wamepata matibabu. Yeye amepata shukrani.

Kuna la pili. Mwaka 2016 kampuni kadhaa kule zilipunguza au kuondoa kamisheni kwa baadhi ya bima, hasa kwa wanaojiandikisha nje ya msimu, kwa sababu wateja hao walikuwa wakizigharimu. Kazi ya wakala haikupungua, malipo ndiyo yaliyopungua. Kampuni zilijua kuwa wakala hatomfukuza mteja wake mlangoni. Mtu wa Micheweni na boti yake ataielewa habari hii upesi.

Wenzetu wana kitu kimoja ambacho ningependa tukiibe: watu maalumu wa kuongoza raia katika usajili, wanaolipwa kwa ruzuku ya serikali kuu na kukatazwa kupokea malipo ya kampuni za bima. Ruzuku hiyo hupanda na kushuka kila serikali inapobadilika, kwa hivyo usidhani ni pepo. Lakini walau mtu anayejaza fomu za umma ana jina la kazi na mshahara wake. Hapa kwetu masheha wanajua kila nyumba ina watu wangapi. Kumtafuta kijana mmoja kwa kila shehia, kumfundisha na kumlipa posho inayojulikana msimu wa usajili, sioni kuwa ni ndoto. Ingewaondolea mawakala mzigo na ingewaondolea wananchi ile elfu tano ya fulani.

Jambiani: *Kuna kikundi cha kinamama wa mwani kinataka bima ya pamoja ya maisha na mazishi. Nimekwenda vikao vingi. Kila kikao wanakuja watu wapya, wanauliza maswali yale yale, kubwa likiwa kama bima ni halali kidini. Niache?*

Usiache, ila acha kwenda hivyo unavyokwenda. Kikundi hakinunui kikaoni, kinanunua kupitia mtu mmoja au wawili wanaoaminiwa. Watafute: bi mkubwa wa kikundi na yule msichana anayeshika daftari la michango. Kaa nao hao peke yao, maji yakiwa yamejaa na hakuna anayekwenda pwani. Ukiitisha kikao maji ya bamvua yametoka, utazungumza na viti.

Suala la dini usilijibu wewe. Nasema hivi kwa mawakala wote. Huna elimu hiyo, na hata ukiwa nayo, una kamisheni ndani yake, kwa hivyo neno lako halina uzito. Takaful, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu, ipo sasa nchini, na Shirika la Bima la Zanzibar nalo linaitoa. Mantiki yake wanakikundi wataielewa kuliko watu wa mjini: wanachama wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, mwendeshaji analipwa ada yake ya kuuendesha, na kinachobaki si faida yake peke yake. Kinamama hao wanachangiana mazishi tangu hawajakujua. Mwombe imamu wa kijiji au maalim wanayemkubali azungumze na watu wa kampuni ya takaful, asome mkataba, aulize yeye. Wewe kaa nyuma. Akisema inafaa, vikao vyako vimekwisha. Akisema haifai, umeokoa nauli.

Hesabu pia mapema. Kikundi cha watu thelathini wenye mchango mdogo kinaweza kukupa kamisheni ndogo kuliko gari moja ya abiria, huku orodha ya wanachama ikibadilika kila mwezi. Kama unakitaka kwa sababu unaishi Jambiani na hao ni mama zako, sema hivyo moyoni mwako na uingie. Kama ulikuwa unategemea kipato, muulize ofisa wa kampuni kamisheni ya bima za vikundi ni ngapi kabla ya kikao kijacho. Nashangaa ni wangapi hawaulizi.

Mkoani: *Umewahi kutuambia tuweke daftari la kazi zisizolipwa. Niandike nini humo?*

Mstari mmoja kwa kila mtu: tarehe, nani, alitaka nini, dakika, nauli na bando, nani aliyekutuma, na iliishia wapi. Hiyo safu ya "nani aliyekutuma" ndiyo muhimu. Zile alizokutuma mteja, zako. Zile ulizojituma kwa huruma, zako pia, na usimnung'unikie mtu. Zile ilizokutuma kampuni, kama kujaza upya fomu sita kwa sababu mfumo wao ulilala, zikusanye kwa miezi mitatu, zipige jumla, na uzipeleke kwa barua ukiomba marejesho ya bando na nauli. Wapelekee kabla ya mwezi wa kufanya upya mkataba wako, si baada yake.